Kisasi dhidi ya mtumishi wa umma: kosa lipi lifunguliwe, na katika mahakama ipi

Afisa uvuvi anayekamata kokoro, wavu haramu wa kuvuta, alfajiri katika mwalo wa Kayenze hurudi nyumbani jioni kwa njia ileile wanayopita wenye kokoro. Ndivyo ilivyo pia kwa mtendaji wa kijiji kule Ukerewe, kwa mjumbe wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo, kisiwani Kome, kwa mwalimu aliyeripoti kwamba binti wa darasa lake anaozeshwa, na kwa mtu aliyetumwa na mahakama kupeleka hati ya wito. Katika mwambao wetu wa Ziwa Victoria kazi ya umma haifanywi na watu wa mbali, bali na majirani, na kwa sababu hiyo kisasi dhidi yao huja kimevaa sura ya ugomvi wa majirani: makofi mbele ya duka, ujumbe wa simu usiku wa manane, mtumbwi unaokutwa umetobolewa. Kituoni huandikwa kama ugomvi, mahakamani husikilizwa kama ugomvi, na adhabu, ikitolewa, huwa ya ugomvi.

Sheria ya Tanzania haikulazimisha iwe hivyo. Tukio moja linaweza kuangukia makosa matatu au manne tofauti, kila moja likiwa na adhabu yake na likidai ushahidi wake, na uchaguzi baina yao hufanyika mapema mno, mara nyingi ndani ya saa chache za kwanza, wakati aliyeumizwa bado anatetemeka na hajui kwamba anachagua. Ninaziweka hapa njia hizo sambamba ili mtumishi huyo, ndugu zake, au msaidizi wa kisheria anayemsindikiza aone zinapotofautiana. Namba za vifungu ninazotaja ni za Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, Toleo la 2022. Mwenye toleo la baadaye alinganishe namba kwanza kabla ya kuzitumia. Ikumbukwe pia kwamba anayeamua hati ya mashtaka isomeke vipi ni mwendesha mashtaka, si mlalamikaji. Hata hivyo, mwendesha mashtaka hulijenga shtaka juu ya maelezo yaliyoandikwa kituoni, na maelezo hayo ni ya mlalamikaji mwenyewe.

Shambulio la kawaida, la kudhuru mwili, na la kisasi

Makofi mawili mbele ya watu ni shambulio la kawaida chini ya kifungu cha 240, na adhabu yake ya juu ni mwaka mmoja jela. Kipigo kikiacha madhara mwilini, kosa hupanda na kuwa shambulio la kudhuru mwili chini ya kifungu cha 241, ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Kinachotenganisha makosa haya mawili kiko mwilini mwa aliyepigwa: fomu ya PF3 inachukuliwa polisi, daktari anaijaza, na alichokiandika ndicho kinachozungumza. Katika makosa yote mawili upande wa mashtaka haulazimiki kueleza kwa nini mshtakiwa alimpiga mwenzake.

Kifungu cha 243 kinajali sababu. Aya yake ya (e) inamhusu mtu anayemshambulia mwingine kwa sababu ya jambo ambalo huyo mwingine alilitenda katika kutekeleza wajibu aliowekewa na sheria, na adhabu yake inafika miaka mitano. Hapa jeraha si sharti. Kofi lisiloacha alama, ambalo chini ya kifungu cha 240 lingeishia mwaka mmoja, linaweza kumfikisha mpigaji kwenye miaka mitano ikithibitika kwamba alimpiga afisa kwa kuwa juzi afisa huyo alichukua nyavu zake haramu za timba. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu muhimu kuliko vyote kwa watu wa kazi hizi, na inasikitisha kwamba wengi wanaofanya kazi mialoni hawajawahi kusikia kuwa kipo.

Maneno yake yanastahili kusomwa polepole, kwa sababu yana upana ambao mtu hautarajii. Kwanza, aya ya (e) haisemi mtumishi wa umma. Inasema mtu yeyote mwenye wajibu aliowekewa na sheria. Mjumbe wa BMU halipwi mshahara wa serikali, na wakili wa utetezi anaweza kuuliza kama kweli ni mtumishi, lakini swali hilo halivunji kesi iwapo doria aliyoifanya ilikuwa ni wajibu unaotambuliwa na sheria na kanuni za uvuvi. Pili, aya hiyo haitaki mtu awe kazini wakati anashambuliwa. Aya ya (b) ya kifungu hichohicho ndiyo inayomhusu anayemshambulia au kumzuia askari polisi akiwa katika utekelezaji wa kazi yake, na humo muda una maana kubwa. Aya ya (e) inatazama nyuma, kwenye jambo lililokwisha kutendwa, kwa hiyo afisa aliyepigwa Jumapili akitoka kanisani, au msikitini siku ya Ijumaa, analindwa sawasawa na aliyepigwa akiwa ndani ya boti ya doria.

Tofauti hiyo ya muda huonekana vizuri zaidi tukitazama nje. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2018 ya kuwalinda wafanyakazi wa huduma za dharura, wakiwamo askari, wazima moto na watoa huduma za afya, na adhabu yake ya juu, ambayo mwanzoni ilikuwa miezi 12, ilipandishwa kuwa miaka miwili mwaka 2022. Sheria hiyo inamkinga mfanyakazi anaposhambuliwa akiwa katika majukumu yake. Ng'ambo ya ziwa, kifungu cha 253 cha kanuni ya adhabu ya Kenya kinafanana mno na chetu na kina miaka ileile mitano, kwa kuwa kanuni hizi mbili zilizaliwa katika utawala mmoja wa kikoloni. Mvuvi anayevuka mpaka wa maji akidhani kwamba upande wa pili kisasi ni rahisi zaidi amekosea hesabu.

Uzito wa aya ya (e), hata hivyo, unalipiwa kwa ushahidi. Maneno "kwa sababu ya" ni sehemu ya kosa, na upande wa mashtaka unapaswa kuyathibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi, kama unavyothibitisha kipigo chenyewe. Katika vijiji vyetu watu wawili waliogombana mara chache huwa na sababu moja tu ya kugombana. Afisa aliyekamata nyavu anaweza kuwa pia anadaiwa fedha ya dagaa na mtu huyohuyo, au wana mgogoro wa mpaka wa shamba uliorithiwa kutoka kwa babu zao, na utetezi utaleta deni hilo mahakamani kama sababu halisi. Kwa hiyo kinachohitajika ni kumbukumbu ya kazi: kitabu cha doria kinachoonyesha tarehe ya ukamataji, hati ya mali iliyokamatwa yenye jina la mwenye mali, stakabadhi ya faini, muhtasari wa kikao cha kijiji ambamo mshtakiwa alisimama kulalamika. Juu ya hayo yote kuna maneno ya mshambuliaji mwenyewe wakati wa tukio. Mtu anayelipiza kisasi ni nadra kukaa kimya, maana anataka anayepigwa ajue anapigwa kwa lipi. Aliyesikia maneno hayo, awe mama muuza samaki au dereva wa bodaboda, ana thamani kubwa kuliko shahidi aliyeona ngumi lakini hakusikia neno.

Je, kuna hatari ya kushtaki chini ya 243(e) kisha sababu isithibitike? Hatari ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kifungu cha 300 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba za toleo hilohilo la 2022, kinairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa kosa dogo lililothibitika hata kama hati ilitaja kosa kubwa lenye vipengele vya ziada ambavyo havikuthibitika. Kipigo kikithibitika na sababu ikashindikana, bado lipo shambulio la kawaida la kuangukia. Kinyume chake hakiwezekani: aliyeshtakiwa kwa shambulio la kawaida hawezi kuhukumiwa kwa shambulio la kisasi bila hati kurekebishwa kabla ya hukumu. Ndiyo maana, ushahidi wa sababu ukiwapo hata kwa kiasi, ninaegemea upande wa kuanzia juu.

Vitisho vya mdomo na vitisho vya simu

Hapa sheria yetu inatoa matokeo yanayoshangaza, nami ningetamani kila mtendaji wa kata ayajue. Anayemwambia afisa uso kwa uso kwamba atamuua au atamchomea nyumba, akiwa na nia ya kumtisha, anaingia katika kifungu cha 89(2), chenye adhabu ya mwaka mmoja, au miaka miwili ikiwa kosa limetendwa usiku. Anayeyaandika maneno hayohayo kwenye simu na kuyatuma anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachohusu kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha mtu, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Zingatia kwamba sheria ya mtandao imeweka kima cha chini, ilhali Kanuni ya Adhabu imeweka ukomo wa juu. Kwa kitisho kilekile, kilichosemwa mchana mdomo kwa mdomo hakivuki mwaka mmoja, na kilichoandikwa hakishuki chini ya miaka mitatu iwapo hakimu atachagua jela.

Kwa mtu anayechagua, njia ya simu ina faida ya pili, nayo ni kwamba ushahidi umejihifadhi wenyewe, mradi usifutwe. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtumishi kupiga picha ya skrini, kuisambaza kwenye kundi la ofisi, kisha kuufuta ujumbe kwa hasira au kwa kumhofia mkewe asiuone. Simu yenyewe, ikiwa na ujumbe ndani yake, ndiyo ipelekwe polisi. Kitisho cha mdomo kinamhitaji shahidi, na kikitolewa faraghani kinabaki neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Kuna pia kosa jingine ndani ya Kanuni ya Adhabu, la kumtishia mtumishi wa umma ili afanye au asifanye jambo la kazi yake. Hilo huchanganywa na kisasi, ingawa ni vitu viwili. Anayesema "ukija tena mwaloni utaona" anashinikiza kazi ya kesho. Anayesema "kwa nyavu zile nitakulipa" anajibu kazi ya jana. Maelezo ya kituoni yakiandika maneno halisi yaliyotamkwa, kwa Kisukuma au Kikerewe kama yalivyotamkwa na tafsiri pembeni, mwendesha mashtaka ataona mwenyewe ni kosa lipi. Yakiandika tu kwamba "alinitishia maisha", tofauti hiyo inapotea.

Jimbo la Texas nchini Marekani limeyaweka haya yote chini ya paa moja. Kifungu cha 36.06 cha kanuni yake ya adhabu kinamwadhibu anayemdhuru mtu, au anayetishia tu kumdhuru kwa kitendo kilicho kinyume cha sheria, kwa sababu ya utumishi wake wa umma, ushahidi wake au taarifa aliyoitoa, na adhabu ya kawaida ni kati ya miaka 2 na 10 pamoja na faini inayoweza kufika dola 10,000. Sheria ya shirikisho nayo, katika kifungu cha 115 cha juzuu yake ya 18, inagusa vitisho dhidi ya maafisa wa shirikisho na familia zao, ikiwa na ukomo wa miaka 10, au miaka 6 pale kilichotishiwa ni shambulio. Tofauti na sisi ni kwamba kule kitisho cha kisasi ni kosa zito kwa jina lake, wakati hapa uzito wa kisasi umewekwa kwenye kushambulia, na kitisho kikaachwa katika vifungu vinavyomhusu kila mtu. Sioni ubaya wa kuipenda njia ya Texas. Lakini asomaye habari za huko asiende kituo cha polisi Ilemela akidhani kwamba miaka 10 inamsubiri aliyemtukana.

Nyumba, mtumbwi na mazao

Juu ya mali nitasema machache, kwa kuwa sheria haijaweka kosa la pekee la kuharibu mali kwa kisasi dhidi ya mtumishi. Kuharibu mali kwa makusudi kunaangukia kifungu cha 326. Kuchoma nyumba kunaangukia kifungu cha 319, na hapo adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, ukubwa unaoifanya hoja ya sababu isiwe na kazi kubwa katika kulipanga kosa. Sababu inabaki na kazi mbili nyingine: kumtambulisha mtuhumiwa, maana nyumba nyingi huchomwa gizani, na kumshawishi hakimu wakati wa kupanga adhabu. Kumbukumbu zilezile za doria na faini zipelekwe hapa pia.

Mahakama ya Mwanzo au Mahakama ya Wilaya

Mahakama ya Mwanzo iko karibu, hakimu anaweza kuketi na wazee wa baraza wanaozijua desturi za mahali, na shauri huweza kumalizika mapema. Kwa mtu wa kisiwani ambaye kila safari ya Nansio au ya jijini ni nauli ya meli na siku moja bila kazi, ukaribu huo si jambo dogo. Lakini kwa kawaida mahakama hiyo haiwezi kutoa kifungo kinachozidi miezi 12. Kesi ya kisasi ikipelekwa huko, ile miaka mitano ya 243 inabaki kwenye karatasi.

Mahakama ya Wilaya inaweza kutoa kifungo hadi miaka mitano, yaani adhabu yote ambayo 243(e) inaruhusu, na ndiko mwendesha mashtaka wa serikali anakosimama. Gharama yake ni muda. Mashahidi wataitwa zaidi ya mara moja, na wavuvi wanaofuata samaki kisiwa hadi kisiwa hawapatikani kirahisi. Shahidi aliyekuwa Kome mwezi Machi anaweza kuwa Goziba mwezi Mei. Anayechagua njia hii achukue namba za simu za mashahidi wake na za ndugu wa mashahidi hao siku ileile ya tukio.

Kigezo changu ni hiki: kama mshambuliaji ni mmoja, hakuna silaha, hakuna jeraha, na hofu ya kurudiwa ni ndogo, Mahakama ya Mwanzo inatosha na pengine inafaa zaidi. Kama walikuja kwa kundi, au ni mara ya pili, au kuna mtu mwenye fedha nyuma yao anayemiliki nyavu bila kuonekana mwaloni, shauri liende Wilayani, hata kama linachelewa.

Suluhu na fidia

Wazee watakuja, na hilo ni jambo la kawaida kwetu: mjomba wa mshtakiwa, mwenyekiti wa kitongoji, labda mchungaji, wataomba yaishe nyumbani. Sheria haipingi jambo hilo moja kwa moja. Katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito, kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaipa mahakama nafasi ya kuhimiza upatanisho na malipo ya fidia. Hapa ndipo jina la kosa linapofanya kazi nyingine tena, kwani kosa likiwa limeandikwa kama shambulio la kawaida, mlango wa suluhu uko wazi kabisa, na mtumishi atabanwa na ukoo mzima aupite. Likiwa ni shambulio la kisasi dhidi ya kazi ya umma, linaacha kuwa jambo lake peke yake, na anaweza kuwajibu wazee kwa heshima na kwa ukweli kwamba hana mamlaka ya kulifuta.

Simlaumu anayechagua suluhu, maana ndiye atakayebaki kijijini. Ila suluhu iliyofanywa faraghani, bila kuandikwa na bila mahakama kujua, haimlindi akipigwa tena.

Madai ya fidia katika mahakama ya kiraia ni njia inayoweza kwenda pamoja na ile ya jinai. Kiwango cha uthibitisho ni chepesi zaidi, kwa kuwa mahakama inapima upande upi una uzito, na muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka mitatu tangu tukio. Faida yake inategemea kama mdaiwa ana kitu. Mbeba nyavu wa kibarua aliyetumwa kupiga hana cha kulipa. Aliyemtuma anaweza kuwa nacho, lakini ni lazima uthibitishe kwamba alimtuma.

Pale ambapo mtumishi naye alikosea

Kifungu cha 243(e) kinazungumzia wajibu uliowekwa na sheria, na maneno hayo yanamkata mtumishi kama yanavyomkata mshambuliaji. Afisa aliyechoma nyavu halali, au aliyechukua fedha ili aachie kokoro, hakuwa akitekeleza wajibu huo, na utetezi ukilionyesha hilo, ngao ya aya ya (e) inapungua au inaondoka. Wakazi wa mwambao bado wanakumbuka msako wa uvuvi haramu wa mwaka 2018, ulioitwa Operesheni Sangara, na malalamiko yaliyoufuata juu ya faini na nyavu zilizoteketezwa. Mpigaji bado ana hatia ya shambulio la kawaida au la kudhuru mwili, kwa sababu hakuna aliyempa ruhusa ya kuwa hakimu, lakini mtumishi anayejua kwamba ukamataji wake ulikuwa na kasoro asimsukume mwendesha mashtaka kwenye kosa la kisasi. Msingi wake utachimbuliwa mahakamani mbele ya watu.

Kwa mwananchi aliyeonewa njia zipo, na hakuna hata moja inayompeleka jela: taarifa ya rushwa TAKUKURU kwa namba 113, malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, au kuishtaki serikali baada ya notisi ya siku 90. Siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye nyavu zake zimegeuka majivu, nami naielewa hasira yake. Zilinganishe tu na miaka mitano.

Jioni ya kwanza kituoni

Mtumishi akifika kituoni aombe PF3 hata kama haoni damu, achukue namba ya taarifa yake, na asikubali maelezo yaanze na kipigo. Yaanze na kazi: tarehe aliyokamata, alichokikamata, cha nani, kwa mamlaka gani, na lipo wapi daftari lililoandikwa siku ile. Kisha yafuate maneno ya mshambuliaji, neno kwa neno, na majina ya waliosikia. Kipigo kije baada ya hayo. Asomewe maelezo yote kabla ya kusaini, na kama neno "kwa sababu" halimo, aombe kwa upole liongezwe.